Kwa Nini Kigoda cha Sebuleni Kwangu Hakina Chombo

Kila mwanamke wa jumuiya yetu anayeingia kwangu siku hizi anaanza na hodi na kumalizia na kigoda. Sebule imepakwa rangi, makochi ni mapya, mapazia yanaburuza chini kama gauni la bibi harusi, halafu pale dirishani kuna kigoda cha mninga, juu yake kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa hakuna kitu. "Mama Klara, si ulituaga kwamba unakwenda kutafuta chombo cha maua cha zamani? Kumbe ulirudi mikono mitupu?" Nimeshasimulia mara nne, na kila mara mtu ananidakia kabla sijafika Mikese. Sasa nimechukua daftari. Mimi ni wa darasa la nne, la tano niliambiwa nikalime, kwa hiyo mwenye kucheka mwandiko na acheke, lakini asome mpaka mwisho. Mikono haikuwa mitupu.

Nianze na mjukuu wangu Zawadi, binti wa Klara, maana ndiye aliyewasha moto. Zawadi anapamba nyumba za watu Dar es Salaam. Watu wenye akili zao na macho yao wanamlipa aje kuwaambia kochi likae wapi. Najivunia, sifichi. Alipokuja kuona sebule yangu baada ya ukarabati alisimama mlangoni, akakunja mikono, akatazama maua yangu ya plastiki.

"Bibi, haya tuyatoe."

"Yamekukosea nini?"

"Sebule ya siku hizi inataka chombo kimoja tu. Cha zamani. Chenye historia."

"Historia ninayo mimi. Niweke hapo dirishani."

Akacheka mpaka akakaa. Kisha akanifungulia simu, akanionyesha picha za vyombo walivyoweka matajiri wake. Kimoja kina ufa, kingine kimechubuka mdomo, kingine kimeingia kutu. Vitu ambavyo mimi ningevitupa jalalani kwa aibu, usiku watu wasinione. Akanifundisha namna ya kuchagua: pindua utazame tako, chombo cha zamani kimesagika pale kilipokalia. Kipapase, upande mmoja hauwi sawa na wa pili, maana kilitengenezwa kwa mkono. Usikimbilie kinachong'aa.

Picha ya mwisho ilikuwa mtungi wa udongo. Mtungi wa maji kabisa, mweusi, wenye nakshi shingoni, umesimama kwenye sebule ya mtu Masaki ukiwa umetiwa majani makavu. Niliisogeza simu karibu na macho. Zawadi alidhani nimechoka, akazima simu.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Mtungi wake mwenyewe, aliojifinyangia na hakuuza, ulikaa nyuma ya mlango nyumbani kwetu Mgeta, na maji yake yalikuwa baridi hata mchana wa jua kali. Tangu tumzike mama, miaka tisa, sikuuona tena. Na nilijua nani anao. Dada yangu Paskalina, ndiye aliyebaki nyumbani kule mlimani, na kwetu Waluguru nyumba na shamba la mama ni vya watoto wa kike, kwa hiyo alikuwa na kila kitu. Siku ya kuanua tanga nilimuuliza, "Mtungi wa mama uko wapi?" Akanitazama usoni. "Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayejua." Mtu na uongo wake mbele ya kaburi bichi. Nilishuka mlima siku ileile na sikumwamkia tena.

Zawadi alisema atarudi baada ya wiki mbili aone nimechagua nini. Nikasema moyoni, nitachagua. Nitapanda Mgeta, nitautoa mtungi wa mama chini ya kitanda cha Paskalina, au popote alipouficha, na nitauweka pale dirishani, na kila atakayeingia atauona.

Bigwa hadi mjini

Nilianzia mjini, mwendo mfupi kutoka kwangu Bigwa, kwa sababu ya woga. Nilijiambia kwamba nikipata chombo kizuri mjini, basi ya mlimani niyaache.

Jirani aliniambia kuna mama mmoja wa Kihindi, mjane, anahamia kwa binti yake, anauza vitu vya ndani. Tumwite Mama Zarina. Nyumba yake ni zile za zamani, duka mbele, watu nyuma, na barazani alikuwa amepanga meza tatu: sahani, birika, saa ya ukutani iliyokufa, na vyombo vya maua kama kumi na viwili. Ni wa rika langu. Tulishindwa kuamkiana nani amwamkie nani, mwisho tukapeana mikono.

Nilianza na kikubwa, cheupe chenye madoadoa ya bluu na joka limejizungusha.

"Hicho cha mama mkwe wangu," alisema. "Alikuja nacho."

Nikakipindua. Tako laini, jeupe kama yai. Nikanusa ndani. "Mama mkwe wako alikuja juzi?"

Alinitazama. Halafu akaanza kucheka, mabega yanatikisika. "Basi weka. Hicho aliniletea shemeji kutoka safari. Lakini watu wengine wote asubuhi hii wamekipenda hicho hicho."

"Na hiki?" Kilikuwa cha njano chenye nyufa nyembamba mwili mzima, kama uso wangu.

"Hicho wewe niambie."

Nikalowanisha kidole kwa mate, nikafuta. Kidole kikatoka na rangi ya chai. Mtu alikipika kwenye majani ya chai kikazeeka kwa mchana mmoja. Mama Zarina aliapa kwamba alikinunua vile, na nilimwamini, maana alikasirika kuliko mimi. Alikichukua akakiweka chini ya meza, kwa adabu.

Ndipo nikaona cha shaba, nyuma kabisa, kimejificha kwenye kivuli cha birika. Kirefu kama mkono kuanzia kwenye kiwiko. Kina tausi wawili wamechongwa, mmoja amefutika mdomo kwa kusuguliwa miaka na miaka, na ubavuni kuna bonde.

"Mpira," Mama Zarina alisema. "Mwanangu wa kwanza, akiwa na miaka saba. Baba yake alitaka kulinyoosha, nikakataa. Mtoto sasa ana mvi." Alikishika muda mrefu kuliko muuzaji anavyoshika bidhaa. "Ukisugue kwa ndimu na majivu. Usikipeleke kwa mtu akanyooshe."

"Sitanyoosha."

Hicho nikakichukua. Tako limesagika, pande hazifanani, kina bonde lenye jina la mtu. Kila alichosema Zawadi kilikuwepo. Ningerudi nyumbani kwangu Bigwa mchana ule nikaweka kwenye kigoda, hadithi ikaishia hapo. Lakini nikitembea nacho kwapani nilimwona yule mama na kidole chake kwenye bonde, na nikajua kwamba nimebeba historia ya mwenzangu. Ya kwangu iko mlimani. Nilikuwa na kaniki kikapuni, nikakifunga humo, nikaenda kutafuta gari la kupanda.

Mjini hadi mwisho wa barabara

Nilipata fuso la mboga linalorudi Mgeta na matenga matupu. Dereva anaitwa Side, kijana wa heshima, alishuka akanishika mkono niingie mbele. Katikati yetu alikaa mama mmoja mkulima, Mama Tumaini, mwembamba, macho mekundu. Alinisalimia vizuri, akatazama mzigo wangu magotini, na kuanzia hapo akawa ananiamkia kila tukipita kona.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipoacha lami gari likaanza kucheza, na kwenye kilima cha tatu likakaa. Side akashuka na jembe. Tukangoja. Mama mmoja wa nyumba ya jirani alituletea mihogo ya kuchemsha na pilipili, akaiweka mbele yangu peke yangu, kisha akarudi nyuma hatua tatu bila kugeuka. Nikashangaa ukarimu wa namna hii. Nilikula.

Mama Tumaini akanisogelea. Akapiga goti kwenye tope.

"Bibi, nina shida."

"Sema, mwanangu."

"Mume wangu anapeleka kabichi Dar. Zamani alikuwa anarudi siku ya pili. Sasa wiki mbili, wiki tatu. Nasikia amewekwa na mwanamke. Nisaidie, chochote utakachotaka nitaleta. Kuku mweusi ninaye."

Nilitazama kaniki yangu, ile nguo nyeusi, na kitu kirefu kimefungwa ndani na kamba. Hapo ndipo nikaelewa mihogo. Wote waliona mganga anapanda mlima na tunguri lake. Nguo zote nilizonazo nyumbani, nikachukua ile.

"Mwanangu, inuka. Mimi ni mama wa jumuiya. Humu mna chombo cha maua."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejua kwamba waganga wakubwa hukana kwanza. Ikabidi nifungue. Tausi wakatoka, wakang'aa juani. Hakuna mtu aliyewahi kutazama kitu kizuri kwa huzuni kama ile. Alisimama akapangusa magoti, na Side, na jembe lake, akageukia upande mwingine, mabega yanacheka.

"Basi nishauri hivyohivyo tu," alisema, "maana umeshakula mihogo."

Nikamwambia nilichojua. "Hizo kabichi unalima wewe?"

"Mimi."

"Basi siku moja panda juu yake uende nazo. Ukamwone anapolala. Ukishamwona utajua la kufanya, na usipomwona ndio utaendelea kupiga magoti kwa wenye vyombo vya maua."

Alirudi garini akafunga mlango. Gari lilitoka topeni saa tisa alasiri.

Kwa mguu hadi kwa Paskalina

Kutoka barabarani mpaka kwetu ni njia ya kupanda kati ya matuta ya karoti na njegere, na mimi nimezoea tambarare. Nilipumzika mara sita. Kila nilipopumzika niliandaa maneno. La kwanza lilikuwa kali, la sita lilikuwa kali zaidi.

Paskalina alikuwa shambani nyuma ya nyumba anachuma njegere, mgongo kwangu. Amekuwa mdogo. Miaka tisa imemkausha. Alinisikia, mawe yaliporomoka, lakini hakugeuka.

Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Kwa adabu ya kwetu mimi ndiye wa kuanza, na asiyeamkia mkubwa hana la kusema. Nikasimama pale. Maneno yangu sita yote yanasubiri nyuma ya neno moja, na hilo moja haliteremki wala halipandi. Njegere zikawa zinaanguka kwenye ungo. Mwisho likatoka, dogo, kama la mtoto aliyefinywa.

"Shikamoo, dada."

Mkono wake ukasimama kwenye mmea wa njegere. "Marahaba." Kisha, bila kugeuka: "Umekula?"

Ndivyo alivyo. Alinipikia viazi na njegere zile zile, akanipa na togwa, akakaa akanitazama nikila. Nilipomaliza nikasema la kwangu, na kumbe lile kali lilikuwa limelainika.

"Nimefuata mtungi wa mama."

"Alaa." Akainuka, akaenda akafungua milango yote ya nyumba, akarudi akakaa. "Pekua."

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu saba, na nilipekua nyumba ya dada yangu. Nilitazama darini penye mahindi. Nilipiga magoti nikatazama chini ya kitanda: mabegi, jembe bovu, viatu vya marehemu shemeji. Niliingia chumba cha mama. Nyuma ya mlango, pale ulipokuwa ukikaa mtungi, kulikuwa na duara sakafuni, safi, limefagiwa, hapajawekwa kitu. Na ukutani, kwenye msumari, kata ya kuchotea maji, kile kifuu cha mama chenye mpini wa mpera, imeninginia. Haina vumbi.

Nikarudi na kata mkononi.

"Hii unaifuta?"

"Kila Jumamosi."

"Ya nini, na mtungi huna?"

"Nilikuwa nangoja uone haya uurudishe."

Tukatazamana. Nikamwambia, Paskalina, mimi mtungi sina. Akasema, wewe ndiye uliyekuwa na mume anayefanya kazi, nani mwingine angeukomboa? Nikauliza, kuukomboa kwa nani? Na neno lilipotoka tu kinywani, nikakumbuka.

Mnajua watani wetu walivyo kwenye misiba. Ukoo wetu una watani wake kule Mikese, wao ndio waliochimba kaburi la mama, na katikati ya kilio wakafanya vituko vyao kama inavyopaswa. Bi Mwanahawa, kiongozi wao, alivaa kitenge cha mama, akatembea kama mama anavyochechemea, akamfokea mchungaji wa mbuzi kwa sauti ya mama kabisa, mpaka tukacheka na makamasi yetu. Kisha akautwika mtungi kichwani na kusema, "Huu naondoka nao. Wenye mali wanifuate." Akaondoka nao. Na mtani akichukua kitu hukasiriki, unakwenda kukikomboa kwa kuku, mnacheka, yanaisha.

Mimi siku zile nilidhani dada, ndiye mkubwa, ameukomboa na ameuficha, na hasira ikanisahaulisha watani. Yeye alidhani mimi, ndiye mwenye uwezo, nimeukomboa na nimeupeleka Bigwa. Miaka tisa kila mmoja anamsubiri mwizi wake aone haya, na hakuna hata mmoja aliyekwenda na kuku.

Hatukucheka. Paskalina alichukua ungo akaanza kumenya njegere ambazo zilishamenywa.

"Twende wote," nilimwambia.

"Magoti yangu hayashuki tena huu mlima. Nenda wewe." Asubuhi alinifungia kata kwenye khanga na fyulisi kumi za njiani. Chombo changu cha shaba alikitazama mara moja. "Hiki nacho ni cha nini?"

"Cha maua."

"Maua si yako nje," alisema.

Kushuka na kabichi

Gari la kushuka lilikuwa lile lile la Side, sasa limejaa kabichi mpaka juu, linakwenda Dar. Nilipofungua mlango nikamkuta Mama Tumaini ameshakaa, amevaa gauni la kanisani, viatu mkononi visichafuke. Alisogea nikapata nafasi. Side peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi, maana anamfahamu mume.

Tulipita mjini. Tulipita Bigwa, nikaona bati la nyumba yangu kupitia miti, sikuomba kushuka. Fyulisi tulizimaliza watatu kabla ya mzani. Pale Mikese nilipoteremka, Mama Tumaini alinipungia kwa kidole kimoja, ameshika tama, macho mbele barabarani. Mpaka leo sijui alimkuta wapi.

Mikese

Muuza mahindi ya kuchoma alinielekeza. Bi Mwanahawa yuko hai, alisema, na ulimi wake ndio unaompa umri.

Nilimkuta barazani amekaa kwenye mkeka. Na pembeni yake, juu ya mafiga matatu, kwenye kivuli, umejaa maji mpaka unatoka jasho, mtungi wa mama. Umefunikwa kisahani cha bati, juu ya kisahani kopo la plastiki. Watu wa njiani walikuwa wanakuja, wanakunywa, wanakwenda.

"Nani huyo?" alisema. "Mluguru? Nimenusa kabichi tangu umeteremka."

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba. Umechelewa. Nilikwambia unifuate, sikukwambia unifuate ukiwa bibi. Miaka tisa nauchotea maji mtungi wa watu. Wenyewe mko wapi, mlikufa?"

"Tulikuwa hai."

"Afadhali mngekuwa mmekufa, ningewachimbia makaburi, nikarithi na kata."

Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani, na nikaanza kulia papo hapo, sijui kipi kilitangulia. Yeye alinitazama kama anatazama mvua. Niliuzunguka ule mtungi. Nikaupapasa. Upande mmoja umetuna kidogo kuliko wa pili. Shingoni kuna mistari miwili ya nakshi, mmoja umenyooka, mmoja unapanda na kushuka. Nilisahau kabisa. Udongo ukiwa mbichi, mama alitupa kila mmoja kijiti, akasema andikeni.

Kuku sikuwa naye. Nikafungua kaniki nikamtolea chombo cha shaba. "Naukomboa kwa hiki. Cha zamani, cha thamani."

Alikizungusha, akagonga kwa ukucha. "Ndege wawili, mmoja hana mdomo. Kama nyie." Akakiweka pembeni. "Mliolia siku ile ni wangapi?"

"Wawili."

"Nilichukua kwa wawili, natoa kwa wawili. Mkubwa yuko wapi?"

"Magoti."

"Mpigie."

Nilipiga kwa namba ya mpwa wangu, akampelekea mama yake simu shambani. Kabla sijasema neno Bi Mwanahawa alininyang'anya. "Paskalina. Huu mtungi wa mama yako namnyweshea mbwa. Leo amekataa, anasema unanuka Uluguru. Usipokuja kesho naupandia mchicha." Akanirudishia simu imekatwa.

Nililala kwake. Kesho yake, jua la mchana, lori la kabichi, sio la Side, lilisimama ng'ambo ya barabara. Mlango ukafunguliwa, ukatoka mguu mmoja, ukatafuta ardhi muda mrefu. Kisha wa pili. Paskalina, na jogoo kwapani, amevaa koti la marehemu mumewe. Nilivuka kumshika. Akanipa jogoo, akakataa mkono.

Bi Mwanahawa alimpokea kwa vigelegele vya matusi ambavyo siviandiki, maana daftari hili litasomwa na padri. Alimpima jogoo, akasema amekonda kwa uchoyo wa wenyewe, akamkubali. Alitukalisha mkekani tukanywa maji ya mtungi kwa kata ya mama, mmoja mmoja, dada kwanza. Maji yalikuwa yale yale.

Paskalina alipitisha kidole shingoni mwa mtungi. "Uliopinda ni wako," alisema.

"Wangu ni ulionyooka."

"Ulikuwa na miaka mitano. Ulionyooka ungeuweza?"

"Na wewe tisa, ulikuwa unachora huku unatazama wavulana wanapita."

"Niuvunje?" Bi Mwanahawa aliuliza. "Kila mtu aondoke na mstari wake."

Tukainuka kama watoto waliokemewa. Tulimwaga maji yake, tukaufunga kwa kaniki. Nikanyoosha mkono nichukue chombo changu cha shaba, Bi Mwanahawa alikuwa amekikalia. Amekaa juu yake kabisa, shuka limekifunika, tausi wote wawili.

"Hiki nimekichukua," alisema. "Wenye mali wanifuate."

Nyumbani

Dada alilala kwangu siku ile. Alikaa kwenye kochi langu jipya kwa ncha, kama amekaa hospitali. Mtungi tuliuweka kwenye kigoda, dirishani, na ilikuwa kweli: hakuna chombo kwenye zile picha zote kilichoufikia. Niliusogeza kushoto, nikausogeza kulia, nikarudi mpaka mlangoni nikautazama kwa mbali, jinsi nilivyopanga tangu mwanzo.

Ulikuwa mkavu. Nilifikiria majani ya Masaki. Nikafikiria lile duara lililofagiwa nyuma ya mlango, na msumari.

Nikamtazama Paskalina. Alikuwa na kata magotini, anaifuta, na haikuwa Jumamosi.

Asubuhi nilimsindikiza stendi ya magari ya Mgeta. Nilimbebea mtungi mwenyewe, kichwani, kutoka Bigwa mpaka barabarani, na watu walinitazama. Kwenye gari nilimwambia kondakta, huyu ni abiria wa pili, umkalishe vizuri. Usiku dada akanipigia, yeye ambaye hapigi. "Nimeutia maji," alisema. "Umekunywa kidogo, umenyamaza." Akakata.

Zawadi alikuja siku aliyosema. Alisimama mlangoni, akakunja mikono, akatazama kigoda.

"Bibi. Chombo kiko wapi?"

"Kipo. Cha shaba, kina tausi. Kiko Mikese, kimekaliwa."

Nilimweleza. Akataka tupande gari lake wakati ule ule twende na kuku. Nikamkatalia. Hakiendewi na mjukuu, na hakiendewi na mtu mmoja. Kinaendewa na wawili, mimi na dada, na dada sasa hivi ana njegere, baada ya njegere kuna viazi. Amesema akimaliza viazi atashuka. Jana amepiga tena, anauliza jogoo au tetea. Nimemwambia hata tukimpelekea ng'ombe, yule bibi atatafuta kitu kingine cha kukalia kabla hatujaaga.

"Basi tusimkatalie," dada akasema.

Kwa hiyo mkija, msiulize kigoda. Kitambaa nakifua kila wiki.